Viwanja Mia Moja

Kwa miaka mingi nilikana kwamba niliwahi kumwomba Mungu kazini. Nilikana kwenye sherehe ya kuniaga nilipostaafu mapema, nikakana hata kwa mume wangu, ambaye huwa haniulizi mambo mengi. Leo nakiri, kwa kuwa mtu aliyejua ukweli amenibana kwa simu.

Siku ya kwanza katika maabara ya hospitali moja ndogo mjini Nyeri, nilifika na shahada mpya na koti jeupe lililonyooka kuliko akili yangu. Mkuu wa maabara, Mzee Gathogo, aliweka kiganja juu ya hadubini, akafumba macho, akamwomba Mungu. "Ngai, tuonyeshe kilicho hapa. Na tusichokiona, kishike wewe." Mimi sikufumba. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu.

Siku hizi kipimo cha malaria hukuonyesha mistari, nawe ukaenda zako. Wakati wetu ilikuwa kazi ya macho. Tone la damu lilipakwa kwenye kioo, likatiwa rangi, kisha ukachungulia. Duara moja unaloliona kwenye lenzi tuliliita uwanja. Ukiona kimelea katika uwanja wa kwanza, kazi imekwisha. Ukikosa, sharti upitie viwanja mia, shingo ikikuuma, kabla ya kutia sahihi.

Wiki ya pili aliletwa mama muuza mchele kutoka Kagio, akitetemeka kwa homa. Nilipitia viwanja arobaini, nikasikia harufu ya chai ya saa nne, nikaandika: Hakuna.

Mzee akaisoma fomu. "Madam Degree, umeangalia viwanja ngapi?"

"Arobaini, Mzee."

"Na unaandika hakuna? Wewe ni nani? Hakuna ni ya Mungu. Sisi tunaandika: haikuonekana."

Akaketi, chai yake ikapoa. Katika uwanja wa themanini na kitu akaniita nichungulie. Kulikuwa na kipete kidogo cha zambarau: kimelea chenyewe. Yule mama alitibiwa, akatoka wodini kwa miguu yake.

Kwa aibu nikamchokoza. "Na huyo Mungu wako, Mzee, ameonekana?"

"Ati? Wewe andika haikuonekana, kisha umalize viwanja zako."

Nilihamishiwa Karatina, kisha Nanyuki, nikarudi Nyeri nikiwa mkuu. Mzee alikuwa amestaafu, analima viazi Mweiga. Sala ya asubuhi nikaifuta. Niliiita upotevu wa muda. Lakini kila siku, kabla ya kioo cha kwanza, mkono wangu ulipanda wenyewe juu ya hadubini.

"Madam, iko na homa?" wenzangu walicheka.

Nikawajibu kwamba nakagua kama imekaa imara. Ilikuwa chuma kitupu; haingeenda popote.

Jumanne iliyopita Mzee alinipigia simu kutoka wodini. Wangempasua tumbo asubuhi ile ile.

"Vipimo vimesemaje?" nikauliza. Mazoea ni mabaya.

"Daktari hajui kama hii ugonjwa imeenea. Mpaka afungue. Niombee."

"Mzee, unanijua. Hayo mambo siyawezi."

"Wacha uongo. Ile mkono ulikuwa unaweka kwa mashine, niliambiwa kitambo. Nimekungoja miaka hii yote. Haraka, wanakuja kunichukua."

Nilikuwa nimesimama jikoni, viazi alivyoniletea mwezi uliopita vikichemka. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na kiganja tu, nikakiweka juu ya meza.

"Ngai," nikasema kwa lugha ya mama yangu, "kile daktari hajakiona, kishike wewe. Na huyu mzee, mshike pia."

"Ameni," akasema. Kisha, mkaidi yule yule: "Sasa, Madam Degree. Viwanja ngapi?"

"Uwanja mmoja, Mzee."

"Inatosha," akasema, akakata simu.