Chebet ametoka na vibuyu

Dada zangu, leo nimeziba njia kwa mwili wangu huu mzee.

Ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya chai ya wazungu, dunia yote nyeupe. Humo ndani nikamwona Chebet, mke wa mjukuu wangu Kiprono, anapita polepole kama mtu wa ndotoni. Mgongoni amebeba vibuyu vyake vya maziwa.

Mnajua kwetu. Mwanamke akiondoka na vibuyu, harudi.

Kisa? Kiprono alimwita mvivu mbele ya majirani. Mdomo wa huyo kijana, niacheni tu.

Nikamwita Kiprono, nikawapigisha magoti wote wawili kwenye umande. "Ombeni."

Kiprono akaanza: "Bwana, mwambie huyu mwanamke aache kiburi."

"Nyamaza," nikamwambia. "Hapo unamshtaki. Yesu si askari wa chifu. Mwombee."

Ukungu ukatupitia usoni, taratibu.

Halafu Kiprono, kwa sauti ndogo: "Bwana, mguu wake unamuuma tangu tuvune wimbi. Ndiyo maana alikuwa anakaa chini. Nilijua, na bado nikamwita mvivu. Nisamehe. Na umshike huko kwenye mteremko asianguke."

Chebet akafungua macho. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi twende ukawaambie majirani hivyo hivyo." Akamtwika vibuyu vyote.

Sasa hivi wanashuka, mwanaume mzima na vibuyu vya mke wake mgongoni, ukungu unawameza.

Nyinyi mngecheka au mngeimba?

Mimi nimeimba.