Pembe za Jike la Mlimani

Nnayokwambia yalinifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa na homa. Ukitaka kucheka, cheka. Walocheka kabla yako ni wengi.

Ilikuwa miaka ya sitini. Tulishatoka Unguja, tumehamia Sidab, hapa Maskati. Marehemu baba alinfunza kusafisha vichwa vya paa, na hapa watu wakaniletea vya mbuzi wa mlimani. Nliijua kazi hiyo barabara. Fuvu unalichemsha kwa magadi, lakini pembe zibaki juu ya maji, zipate mvuke tu. Zikilegea, unazizungusha taratibu mpaka zichomoke kwenye mfupa, kisha unazisugua kwa jivu.

Shemeji yangu Nasoro, ndugu wa mke wangu, kaniletea kichwa. Kasema ni cha beberu alompiga mlimani, anataka kukitundika barazani kwake. Pembe nliziona fupi kwa beberu, lakini nikakipokea.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, watu wote wamelala kwa joto. Mimi niko uani, nasugua. Mlango nimeutia komeo. Kuinua kichwa, mwanamke kasimama kando ya sufuria, mwembamba, kajitanda shela la rangi ya vumbi. Nikadhani mgeni wa mke wangu. Nikamsalimu. Kachuchumaa, kaichukua pembe mkononi mwangu, akawa apitisha ukucha kwenye mapete yake, yale yanayoongezeka kila mwaka, moja moja.

“Hapa mvua ilikatika,” kasema. “Hapa nlizaa, akafa. Hapa nlizaa tena.”

Kwa Kiswahili chetu cha Unguja, niamini! Nikamwambia kwa upole, mama, hiyo ni ya shemeji yangu. Ndipo akanitazama. Mboni zake zilikuwa zimelala kwa mapana, kama za mbuzi.

“Huyu wa mwisho bado ananyonya. Yuko wapi?”

Nikageuka kuutazama mlango. Kumgeukia tena, pembe iko chini, yeye hayupo, na komeo liko vilevile.

Sikungoja jua lipoe. Nikazitia pembe kwenye kikapu, nikaenda moja kwa moja kwa Nasoro, nikamuuliza alimpiga dume au jike. Kacheka, kasema joto limenipanda kichwani. Nikamhadithia mwanamke yule, mapete yale, na huyo anyonyaye. Kicheko kikamkauka. Akanipeleka nyuma ya nyumba, na hapo pana kitoto cha mbuzi kimefungwa kamba, hakiwezi hata kusimama. Tangu jana kinakataa maziwa. Alitaka kukifuga, na hakumwambia mtu.

“Kifungue,” nikamwambia.

Tukakibeba mpaka juu ya majabali ya njia ya Amerat, tukakilaza, na pembe pembeni yake. Tukarudi nyuma. Kile kitoto kikainuka, kikajikokota nyuma ya jiwe. Kisha tukasikia kinanyonya. Wallahi, tulisikia sote wawili, na hakuna alokwenda kuchungulia.

Nasoro hakushika bunduki tena. Mimi kazi sikuiacha, na mpaka leo hakuna anishindaye. Lakini mkono wangu huu wa kulia, ule ulokuwa umeshika pembe, unanuka maziwa mabichi. Nnauosha kwa sabuni, harufu inarudi. Mke wangu ashazoea.

Basi na wewe, ukiletewa kichwa, kabla hujateleka maji muulize aliyekileta: huyu alikuwa na nani? Akisitasita, mrudishie kichwa chake.