Miguu Mizima

Mtoto wa dada yangu ameacha mpira wake wa basketi kwenye korido, na nyumba nzima inanuka raba iliyokaa juani. Harufu hiyo hunirudisha kwenye uwanja wetu, uliosawazishwa katikati ya mawe ya volkano, yale meusi yanayokata kama chupa.

Kocha alikuwa na sheria moja: msichana akirusha kutoka mbali akakosa, avue viatu, aufuate mpira juu ya mawe.

“Karibu na chuma ya kikapu mupira inaingia,” alisema. “Kutoka mbali inaendaka kwa mawe. Muchague.”

Nilichagua upesi. Nilirusha nikiwa chini ya kikapu tu, na nikizuiwa nilitoa pasi. Mwishowe sikurusha kabisa, kwa hiyo sikukosa kabisa, nikajiona nina akili. Rafiki yangu alirusha kutoka mbali kila siku, akarudi akichechemea, nasi tukamcheka.

Siku ya mechi na wasichana wa shule ya Mapendo ilibaki nafasi moja, yangu au yake. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havikuingia tena.

“Kocha, huyu hawezi hata kutembea,” nilisema.

“Lakini anatupaka mupira,” akajibu. “Wewe, Mama Profesa, unachungaka miguu tu. Kaa. Umushikie viatu yake.”

Rafiki yangu akaingia peku. Alifunga kutoka mbali, akiacha alama nyekundu kila alipokanyaga, na watu wakashangilia. Mimi, pale kwenye benchi, nilivijaribu viatu vyake. Vilinitosha kabisa.