Daraja Kando ya Kichuguu cha Nyanya

Juzi nilimwona fundi akipaka nguzo za daraja letu oili chafu ili mchwa wasizile, nikacheka peke yangu.

Daraja la zamani lilikuwa la magogo, kando ya kichuguu cha nyanya yangu, mama yake baba. Asubuhi moja nililirukia-rukia nikiimba. Mchana baba alipita na mkokoteni wa ng'ombe, ameketi juu ya magunia ya pamba. Magogo yakalia kwaa! Gurudumu likazama, gunia likapasuka, na baba akatumbukia mtoni. Nilijua nimelivunja mimi. Watu wakaja mbio, nyanya akiwemo, nikajificha nyuma yake, nikinusa moshi kwenye leso yake na kungoja fimbo.

Baba alitoka majini na pamba mwili mzima, kama kuku mweupe. Akavunja gogo kwa mkono, mchwa wakamwagika.

"Mama, ni kichuguu chako! Si nilisema tukichimbue?"

"Na kumbikumbi tutatoa wapi mvua ikinyesha?" nyanya akauliza. "Wewe mwenyewe ulimaliza sahani mbili."

Watu wakacheka, baba naye akacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote, na hakuna aliyejua kwa nini.

Kichuguu kipo mpaka leo. Kilichohamishwa ni daraja.