Springi za Baba

Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nimeshiriki tangu siku mdogo wangu alipozaliwa, na kukonda sijakonda. Nalisema mapema ili mtu asidhani nimekaa hapa kujisafisha.

Baba alipofariki, nyumba ya kijijini kwetu Mamba na shamba la tangawizi vilikwenda kwa mdogo wangu, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume na kwetu ndivyo ilivyo. Mimi, binti wa kwanza, nilipewa landrova. Watu walinipa pole utadhani nimefiwa mara mbili. Ilikuwa kuukuu kweli, rangi imepauka, na ilikuwa imelala upande wa dereva kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Sikujali. Gari lile lilishusha tangawizi ya kijiji kizima, likapeleka wagonjwa hospitali na maharusi kanisani, na sasa lilikuwa langu peke yangu. Nililiendesha hapa Same mjini kidevu kikiwa juu.

Raha yangu ilidumu mpaka mdogo wangu aliponunua ya kwake. Landrova ya aina ileile, umri uleule, hata ukijani uleule. Yeye anafanya kazi Moshi na ana mshahara unaoeleweka, kwa hiyo aliitengeneza ikatengenezeka: rangi ya kung'aa, viti vipya, na ikipita kwenye matuta huwezi kujua kama kuna tuta. Mama alikuwa amekaa kwangu kwa ajili ya matibabu ya mgongo. Siku ya kwanza mdogo wangu alipokuja nayo, alimpandisha mama mbele akamzungusha mjini kote. Mama aliporudi alikaa barazani, akavua viatu, akasema, "Hii ndiyo gari. Ile ya kwako inanivunja kiuno."

Siku ile chakula hakikupita.

Sasa, mwaka mmoja tangu baba aondoke ulikuwa unakaribia kutimia, na tulikuwa tumepanga ibada ya kusimika msalaba kaburini kwake, kule Mamba. Kanisa zima lingekuwepo: kwaya, wazee wa usharika, wanawake wanaomjua mama tangu alipoletwa kuolewa. Wote wangetazama gari linaloingia, na wote wangetazama mama anateremka kutoka gari la nani. Nilitaka ateremke kwenye landrova ya baba, na mlango nimfungulie mimi. Sikumbuki kitu kingine nilichowahi kukitaka namna ile. Mama mwenyewe alikwisha kuniwekea sharti. "Ukiinyoosha hiyo gari nitapanda," alisema. "Ukishindwa, nitapanda ya mwenzio."

Nikaipeleka gereji. Fundi springi wetu ni mtu wa Tanga aliyezoea kututania Wapare mpaka anatutania hata tukiwa na haraka. Alilala chini ya gari, akagonga hapa na pale, akatoka akijifuta mikono.

"Za nyuma zimekufa, mama. Majani, hivi vyuma vilivyopangwa, yamenyooka, mawili yana ufa, na mipira ya bushi imebaki jina."

"Zinatengenezeka?"

"Ziko njia mbili." Akanionyesha springi mbili zilizoegemea ukutani, nyeusi kwa rangi mpya, zimepinda vizuri. "Hizi zilitoka kwenye gari nyingine kama yako. Nimezifumua, nimezitengeneza, zimekaa sawasawa. Nakufungia hizi, unaniachia zako, unaongeza kidogo, jioni unaondoka. Ndiyo njia ya kwanza. Ya pili, nikutengenezee hizi zako zenyewe. Hapo nafumua, napeleka majani Ugweno kwa mhunzi ayapinde upya na kuyarudishia ugumu wake. Ila huko sikupi ahadi. Mhunzi hakimbizwi."

Mtu mwenye akili angechukua zile nyeusi. Na mimi nilikuwa karibu kabisa kuzichukua. Nikauliza swali moja tu, la mazungumzo.

"Na hizi zangu nikikuachia, zinakwenda wapi?"

"Nikizitengeneza nampa mteja anayefuata."

"Nani huyo?"

"Mdogo wako mwenyewe," akasema kwa uchangamfu, kama mtu anayekupa habari njema. "Alipita hapa juzi. Anataka seti ya akiba."

Nyumba amepata. Shamba amepata. Kiuno cha mama kimemsifu. Sasa apewe na springi za baba, azifunge chini ya lile gari lake linalong'aa, zimbebe yeye? Zile springi zilinibeba mimi siku ya ubatizo wangu, yeye hajazaliwa. Zilimbeba baba miaka yote, na mlalo ule wa upande wa dereva ulikuwa uzito wake mwenyewe. Nilikuwa nikikaa kwenye usukani nahisi nimekaa alipokaa.

"Tengeneza zangu," nikamwambia. "Na bushi kuukuu usizitupe, nirudishie."

"Mama, chuma ni chuma. Utakaa bure, na una safari."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akajibu. Kisha akacheka. "Ndiyo maana mnasemwa. Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku."

Landrova ikapandishwa juu ya magogo, springi zikaenda Ugweno. Nikaanza kungoja. Kila nikipita gereji nilikuta hali ni ileile. Baadaye fundi akaniambia mhunzi amefiwa na shangazi yake, na tanuru haliwashwi mpaka matanga yaishe. Ungemwambia nini? Huwezi kumharakisha mtu aliye msibani, hasa kama na wewe unachokimbilia ni kaburi.

Zile springi nyeusi zilikuwa bado zimeegemea ukuta uleule. Ningesema neno moja tu, gari lingeshuka magogoni siku hiyohiyo. Mdogo wangu alinipigia simu. "Dada, chukua zile zilizo tayari. Mama anatamani kwenda na wewe." Ninajua alisema kwa nia njema, na nia yake njema ndiyo iliyonimaliza. Maana hata ruhusa ya kumchukua mama sasa ilikuwa inatoka kwake. Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Kesho yake nilikwenda gereji, nikasimama mbele ya zile springi, nikazitazama, nikamuuliza fundi habari za watoto wake, nikarudi nyumbani.

Siku ya ibada ilifika, landrova ya baba ikiwa magogoni.

Mdogo wangu alikuja asubuhi, amevaa suti. Mama akapanda mbele, taratibu, akashikwa mkono na mwanawe. Mimi nikapanda nyuma, kwenye benchi la pembeni, pamoja na sufuria za chakula na msalaba wenyewe. Msalaba ulikuwa umelazwa sakafuni miguuni pangu, umefunikwa kitenge. Ikawa hivyo: mama mbele katika gari lake, baba nyuma katika gari lake, na mimi katikati ya masufuria. Tulipita kijiji cha Kisiwani nimekunja uso. Tulipoanza kupanda milima, mama akageuka.

"Mbona umenuna? Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Anawaza springi za baba," mdogo wangu akasema. Hakuwa na ubaya, alitaka kuchangamsha safari. "Fundi alimwambia azibadilishe tu aje na gari yake, akakataa. Hataki ziende kwa mtu."

"Springi zipi za baba?"

"Zile za nyuma, za landrova," nikasema mimi.

Mama alicheka mpaka akashika mgongo wake kwa mikono miwili. Hakuwa amecheka hivyo tangu msiba.

"Mwanangu, zile si za baba yako. Za baba yako aliziacha Makanya. Palikuwa na mfugaji mmoja mwenye landrova kama yetu, anabebea ng'ombe wake maji kwa mapipa. Springi zake zilikuwa zimelegea, haziwezi mapipa. Za baba yako zilikuwa madhubuti. Wakakaa, wakanywa chai, wakabadilishana. Yule mfugaji akaongeza mbuzi."

"Baba akakubali kuchukua zilizolegea?"

"Alitaka mbuzi. Kipaimara chako kilikuwa kimekaribia, na nyumbani hapakuwa na cha kuchinja. Akasema tangawizi si nzito kama maji, gari itastahimili. Tangu siku hiyo ndipo ilipoanza kulala upande." Akageuka tena mbele, bado anajifuta machozi ya kicheko. "Springi za baba yako ulizila wewe. Ulikula paja zima."

Namkumbuka mbuzi yule. Nakumbuka gauni langu jeupe na baba akinikatia nyama kwa mkono wake, akisema leo wageni watangoja. Sikuwahi kujiuliza alitoka wapi. Nilidhani mbuzi wa kipaimara huja tu, kila mtoto anapata wake.

Gari likakata kona, likakata nyingine. Lilikuwa laini, lazima niseme. Mdogo wangu akasema, bila kugeuka:

"Kipaimara changu tulikula makande."

"Mwaka ule mvua ilikataa," mama akasema.

"Najua, mama. Nasema tu."

Lakini hakuwa anasema tu. Ile sauti naijua, ni ya kwangu; nimekaa nayo kifuani tangu utotoni. Mtu mzima, ana suti, ana nyumba na shamba, ana gari linaloteleza na mama amekaa ubavuni mwake, na miaka yote hii alikuwa ananionea wivu kwa mbuzi mmoja.

Ilinipasa nimhurumie. Niliweka mkono juu ya msalaba wa baba usije ukagongwa na masufuria, nikageuza uso dirishani wasinione. Nilikuwa nimefurahi mno.