Nyimbo Mbili za Agnetha

Bi Magreth wa Urambo ameimba kwaya ya Moraviani miaka arobaini na miwili, na kila wimbo anaujua kwa namba yake kitabuni. Mtajie 142, anakuanzishia papo hapo. Mtajie tarakimu kumi mfululizo, anakutazama kama umemtukana.

Ndiyo maana namba ya simu ya bintiye Agnetha aliikata mafungu. Nne za mwanzo ni sawa na zake mwenyewe. Sita zilizobaki zikawa nyimbo mbili: 142 ya harusi, 306 ya mazishi. Zamani Agnetha alicheka sana. Siku hizi anasema mama ameanza kusahau, aache shamba, ahamie kwake Chemchem, mjini Tabora. Magreth hataki hata kusikia.

Jumamosi akashuka treni Tabora, kumbe asali aliyombebea Agnetha imevuja kapuni na kuizamisha simu. Simu kimya. Nyumba mpya ya bintiye haijui. Leo nimempa mwenyewe ushahidi kwamba siwezi tena peke yangu, akawaza, na moyo ukamuuma kweli.

Najiat, muuza chai wa nje ya stesheni, alimwona akihangaika, akatoa simu yake. "Shikamoo mama. Nitajie, nibonyeze."

"Marahaba, mwanangu." Akamtajia zile nne, kisha harusi, kisha mazishi. Akapokea mwanamume wa Nzega, tena mkali.

"Labda umesahau, mama," Najiat akasema kwa upole.

"Sijasahau! Nyimbo ni hizohizo."

Akakaa kwenye benchi, akafikiri. Watu huoana kwanza, kufa baadaye, ndivyo alivyozipanga alipomtajia Najiat. Lakini kwa Agnetha haikuwa hivyo. Baba yake alizikwa Machi, naye akaolewa Desemba ya mwaka huohuo, mjomba akimshika mkono hadi madhabahuni.

"Anza na 306," akasema taratibu.

Baada ya nusu saa Agnetha alifika akihema. Akaishika ile simu inayonata. "Sasa namba yangu umeitoa wapi, mama?"

"Kwa baba yako." Akamweleza yote, na Agnetha akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Na yangu, wewe unaijua?" mama akauliza.

Agnetha akaingiza mkono mkobani kutafuta simu yake. Najiat akaangua kicheko.

"Iache humohumo," Magreth akasema. "Utakuja Urambo wiki moja, nikufundishe."

Habari za kuhamia Chemchem Agnetha hakuzitaja. Alibeba kapu na asali iliyobaki, wakaondoka.