Sombe ya Jumatatu

Nina hasira na mtu ambaye hata hanijui. Ni yule mheshimiwa aliyekuja kutuomba kura katika uchaguzi uliopita, akasimama juu ya gari kwenye kiwanja kimoja cha Nyantende, Jumapili baada ya misa, akatuambia sisi Bashi kwamba yeye ni damu yetu. Damu hiyo ilikuwa imekaa Kinshasa miaka mitano bila kutuulizia hali. Hata Mashi yenyewe, lugha yetu, alikuwa akiisoma kwenye karatasi, ikiwa na mashimo kama ile barabara anayotuahidi kila uchaguzi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kadutu, mjini Bukavu. Nilikwenda kwa sababu chama cha watu wa kwetu kilikuwa kimewaalika walimu wote wa kabila letu, na kwa sababu kulikuwa na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kitenge cha bure chenye picha ya mgombea. Sitajifanya mtakatifu. Kitenge nilikipokea, nikakifunga kiunoni palepale, na uso wa mheshimiwa ukaangukia mahali pa kukalia. Huo ndio uamuzi wangu pekee wa siku ile ambao sijutii.

Alisema mengi, ya maji, ya umeme, ya vijana. Kisha akateremsha sauti, kama jirani mwema anayekuonya mlangoni. Akasema mjini tunaishi na watu wa kila aina, kwa hiyo akina mama tuwaangalie vizuri wanaotupikia. Hakutaja kabila. Angetaja la nini? Kila mtu alijua anawasema Barega, kabila jirani, kwa kuwa mtoto wao alikuwa anagombea kiti kilekile. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, tena nilicheka kwa moyo.

Asiyejua Bukavu anaweza kuona hayo ni maneno madogo. Si madogo. Hapa watu wanaogopa sumu. Bia inafunguliwa mbele ya macho yako, na chakula mwenye nyumba anakionja kabla ya mgeni. Hakuna anayekasirika, ni adabu. Lakini adabu hiyo ni ya wageni. Mtu ambaye unakula kwake bila kungoja aonje, huyo si mgeni wako tena, na anajua hivyo.

Mimi nilikuwa na mtu wa namna hiyo. Alikuwa mwalimu mwenzangu, Murega wa Mwenga, na darasa lake lilipakana na langu kwa miaka tisa. Wakati wa mapumziko tulikula pamoja, leo maharagwe yangu, kesho sombe yake, majani ya muhogo ya kutwanga. Nilipojifungua kwa kupasuliwa huko Katana, alikuja siku nne mfululizo na chupa ya uji, nami niliunywa macho yakiwa yamefumba kwa maumivu. Aliniita dada. Wanangu walimwita mama mdogo, na walimwogopa kuliko mimi.

Jumatatu, siku moja baada ya kile kiwanja, aliingia katika chumba cha walimu na bakuli kubwa kuliko la kawaida. Ilikuwa sombe ya mawese na samaki wa kukausha, ya kutosha watu wote. Mle ndani walikuwamo walimu watatu Bashi, ambao jana tulikuwa nao Nyantende. Wa kwanza akasema ameshiba. Wa pili akasema amefunga kwa ajili ya maombi, yeye ambaye asubuhi nilimwona anatafuna mandazi. Wa tatu akageukia dirisha. Kisha wote wakaniangalia mimi, nami tayari nilikuwa na kijiko mkononi.

Nataka ieleweke kwamba sikuwaza sumu, hata kidogo. Niliwaza wale watatu watanisema nini kwenye chama. Nikaweka kijiko chini.

"Ngoja nimalize kwanza kukorije makaye," nikamwambia.

Madaftari hayo nilikuwa nimeyasahihisha yote kabla ya kengele ya asubuhi, na yeye ndiye aliyenisaidia kuyafunga kwa kamba.

Alichukua kile kijiko, akachota, akatafuna taratibu, akameza, kisha akafungua kinywa anionyeshe, kama mgonjwa mbele ya daktari. Halafu akanisogezea bakuli.

"Haya. Sasa unaweza kula."

Nami nikala. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Ningekataa ningekuwa mjinga tu, lakini mimi nilikula baada ya kuonjewa, na ilikuwa tamu. Wale watatu nao wakasogea, aliyeshiba na aliyefunga, wakala mpaka bakuli likabaki jeupe.

Mheshimiwa wetu alishinda. Yule wa Barega alishindwa, na miezi michache baadaye wote wawili walionekana kwenye harusi moja mjini, meza moja, wakipasua kuku mmoja, na sikusikia kwamba kuna aliyeonja kwanza. Wazee walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mimi panzi ninajichukia kuliko ninavyowachukia kunguru, maana wao walileta maneno tu, na mimi ndiye niliyeyaingiza katika chumba cha walimu.

Yeye hakuacha kunisalimu. Aliacha kuniita dada. Sasa nilikuwa "maman", kama mzazi wa mwanafunzi, na chakula chake alikula darasani kwake, mlango umefungwa. Nilivumilia muhula mzima, kisha siku ya kutoa matokeo nikamfuata hukohuko nikamwomba msamaha. Alikuwa anafuta ubao. Akaendelea kufuta.

"Ile Jumapili, na sisi batu betu balituita," akasema. "Kandida wetu akasema Mushi hawezi kula ku mukono ya Murega, hata bakae pamoja miaka ngapi. Nikasimama mbele ya bote. Nikasema iko uongo, niko na dada ku masomo, yeye anakulaka kwangu bila kuangalia. Bakanicheka. Nikabaambia kesho nitapika sombe, na mutaona."

Nilikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakigonga mbao. Nilitaka anitukane. Nikamuuliza walipokuja kutaka majibu aliwaambia nini.

Akapangusa chaki mikononi.

"Nilibaambia ulikula wa kwanza."